Kifudifudi Hekaluni

Nilinunua kamera katika umri ambao wenzangu hununua mashine ya kupimia presha. Ilikuwa ya mtumba, nyeusi, nzito kama tofali, na lenzi yake imetokeza mbele kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mke wangu aliikuta juu ya meza ya chakula, akaizunguka bila kuigusa.

"Hii inaweza kupiga simu?" aliuliza.

Nikamwambia hapana, hii ni kamera halisi, kazi yake ni picha tu.

"Kwa hiyo simu yako inapiga picha, lakini kamera yako haipigi simu," alisema. Kisha akachukua madaftari ya wanafunzi wake, akaenda kusahihisha chumbani. Sikuona haja ya kumjibu. Msanii hueleweka baadaye.

Tulihamia Dodoma serikali ilipohamia, mimi na mafaili yangu, yeye na ualimu wake. Tukajenga Mkonze, katika nyumba iliyopata geti kabla ya kupata dari. Ofisini mimi ni mtu wa mipango, maana yake naandika ripoti zinazoeleza ripoti nyingine zilisema nini. Ukifanya kazi ya namna hiyo miaka mingi, jioni unapotoka na kukuta vilima vimegeuka rangi ya kutu na vumbi limesimama hewani kama limepigwa picha tayari, unaanza kujidanganya kwamba kuna kitu ulizaliwa nacho na hujakitumia. Mimi nilijidanganya vizuri sana. Nilitazama video za mafunzo hadi nikawa nazungumza habari za mwanga na kivuli nikiwa kwenye foleni ya maji. Nikajiunga na kundi la simu la wapenda picha wa mjini, watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao, na ambao ukiweka picha hukujibu neno moja: "Kali." Mtu anaweza kuandika "kali" bila hata kuifungua picha yenyewe, lakini hilo nililijua baadaye.

Nilichokitaka mimi ni picha ya kushtua. Sikutaka picha za watu waliosimama wima wakiangalia mbele kama wanangojea pasipoti. Nilitaka ukiona picha yangu ushike kifua.

Jumamosi moja nikaenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Niliona akilini mwangu malori, magunia, vumbi la pumba likielea juani, na jasho kwenye shingo za wapakiaji. Nilijificha nyuma ya rundo la magunia ili niwapate watu katika hali yao ya kawaida. Baada ya muda nikagundua kwamba hali yao imebadilika. Kelele za bei zilikuwa zimekoma. Madalali walikuwa wamesimama kimya, mikono mifukoni, wote wanatazama upande wangu. Mama mmoja aliyekuwa akisimamia mizani akanijia.

"Kaka, habari za saa hizi. Wewe ni mtu wa kodi au mtu wa magazeti?"

"Hapana, dada. Mimi ni msanii."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akawageukia wenzake akapaza sauti: "Ni mtu wa kodi!"

Soko lilihama mbele ya macho yangu. Nilirudi Dodoma na picha moja inayoonekana vizuri, ya kisogo cha lori. Kwenye kundi waliandika "kali."

Hapo ndipo mzee wa duka la vifaa vya ujenzi alipoingia katika mambo haya. Huyu mzee, Mhindi, amezaliwa Dodoma, na baba yake alizaliwa Dodoma. Misumari yote iliyo katika nyumba yangu imetoka kwake, pamoja na ushauri kuhusu kila msumari. Wazee wa Kigogo wakiingia dukani huwaamkia "mbukwenyi" na kuendelea nao kwa Kigogo mpaka mimi, niliyeoa Kibakwe, Ugogoni kwenyewe, nabaki natabasamu kama mgeni. Mkewe hukaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango, na kila mteja humwita mama. Siku hiyo nilikuwa nimeingia kununua bawaba, kamera ikining'inia shingoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, ofisa," alijibu mzee. Ofisa ndilo jina langu kwake tangu siku ya kwanza. "Umeanza kupiga picha za arusi?"

Niliumia kidogo. Nikamweleza kwamba sipigi arusi, natafuta picha zenye nguvu, zenye siri ndani yake. Alinisikiliza kwa heshima huku akipima nyaya kwa mkono. Mwishowe akasema, "Basi njoo hekaluni siku ya sikukuu yetu ya taa. Utaona mwanga mpaka uchoke. Nitakuombea ruhusa kwa wakubwa wa pale. Ila na sisi utupige, mimi na mama, pale kwenye ngazi za mbele. Picha moja tu."

"Tumesimama," mama alisisitiza kutoka kwenye kiti chake. "Wote wawili."

"Hakuna shida kabisa," nilisema. Nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa naona miali ya moto.

Mke wangu alikuwa na neno lake. Mimi ni mzee wa kanisa, cheo nilichopewa, nadhani, kwa sababu nilikuwa na gari la kubebea viti. "Unajua watu wa kanisani kwetu," aliniambia. "Ukienda hekaluni, nenda kama mgeni. Simama pembeni, piga picha zako, shukuru, urudi."

"Kwani nitafanya nini kingine?"

"Nakujua," alisema.

Hekalu liko mjini, katika mtaa ambao nilikuwa nimepita mara nyingi bila kuinua macho. Nilifika jua linazama. Mzee alinipokea getini amevaa kanzu fupi nyeupe iliyonyooshwa vizuri, akanitambulisha kwa kila mtu kama rafiki yake kutoka serikalini, jambo lililowafanya baadhi yao wanitazame kwa mashaka kidogo. Akanionesha sheria: chumba cha ndani, walimo masanamu ya miungu yao, kisipigwe picha; uani na ukumbini, piga upendavyo. Na viatu vivuliwe.

Hilo la viatu sikulitegemea. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitoka nje chote, kikaangalia ulimwengu. Nilijaribu kukikunja. Ukitaka kujua ugumu wa maisha, jaribu kutembea kwa heshima katika nyumba ya ibada huku umekunja kidole gumba kimoja.

Lakini ule ua ulinisahaulisha. Walikuwa wamechora maua makubwa sakafuni kwa unga wa rangi, mekundu, manjano na bluu, na kuyazunguka kwa vibakuli vidogo vya udongo vyenye samli na utambi unaowaka. Safu mbili za taa zilitoka kwenye mchoro zikaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha ndani, na katikati walimwaga petali za maua ya njano. Wanawake walikuwa wameanza kuimba. Hewa ilinukia samli na ubani. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Nilianza kwa kusimama. Picha za kusimama zikawa za kawaida. Nikachuchumaa, nafuu. Ndipo nikakumbuka video moja iliyosema kwamba tofauti kati ya mpiga picha na mtu mwenye kamera ni kwamba mpiga picha yuko tayari kushuka chini. Nikashuka chini. Nililala kifudifudi kwenye sakafu, kati ya zile safu mbili za taa, nikanyoosha mikono mbele kabisa, nikaisogeza kamera katikati ya petali hadi ikazama humo, kidole kwenye kitufe, paji la uso likigusa saruji. Nilikuwa nasubiri upepo utulie ili miali isimame wima. Upepo wa Dodoma hautulii upesi. Nikangoja.

Sijui ni wakati gani niliona kwamba nyimbo zimebadilika. Zilikuwa zimepungua sauti, zikawa nzito zaidi. Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kulia. Kisha mzee akachuchumaa kando ya sikio langu.

"Ofisa," alininong'oneza, "uko salama?"

"Niko salama, mzee. Naomba uniache kidogo tu. Nimekaribia kuipata."

Akanisogelea zaidi. Nilipomsikia tena, sauti yake ilikuwa imelainika kabisa.

"Ipate, mwanangu. Chukua muda wako. Wengine tumeitafuta miaka yote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimelala mbele ya mlango wa miungu yao kwa namna ile ile wanavyolala waumini wao waliojitoa kabisa, na kamera, ambayo ingeweza kunitetea, ilikuwa imefunikwa na maua. Mtu mwenye akili angeinuka papo hapo akaeleza. Mimi nilipiga hesabu nyingine: nikiinuka sasa na kusema nilikuwa nasubiri upepo, nitakuwa nimewaharibia; nikiendelea kulala, labda watanizoea. Nikaendelea kulala.

Nilipoinua kichwa kidogo kuvuta hewa, nikakutana na kuhani wao amesimama juu yangu na sinia yenye moto mdogo. Alikuwa na uso wa upole sana. Akachovya kidole katika unga mwekundu, akanipaka katikati ya paji la uso. Nikasema ahsante. Sikujua kingine cha kusema. Nikajaribu kusimama, lakini mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, kwa hiyo wanaume wawili wakanishika makwapa na kuninyanyua, na mimi nikasimama pale nikiyumba, kidole gumba nje, petali moja imenata shavuni. Bibi mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya sari. Mwingine aliniletea sinia ya vitu vitamu, akanilisha cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo, nilikuwa na furaha. Niliamini picha ninayo. Mzee na mkewe waliposimama kwenye ngazi, tayari, bega kwa bega, nyuso mbele, nilikuwa bado naelea.

"Hapana, msisimame hivyo," niliwaambia. "Mtakuwa kama picha ya kitambulisho. Mama, shika taa. Mzee, weka mkono chini ya mkono wa mama. Hivyo hivyo." Nikasogea karibu sana, nikapiga picha ya mikono yao na ule mwali wa taa. Giza lilikuwa zuri nyuma yake.

"Tayari?" mama aliuliza. Alikuwa ametengeneza shela ya sari yake kichwani kwa uangalifu.

"Tayari, mama. Nzuri ajabu."

Nikarudi Mkonze nikipiga mluzi ndani ya gari. Mke wangu alinifungulia geti, akamulika tochi ya simu usoni mwangu.

"Ulisimama pembeni?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Jitazame kwenye kioo cha gari."

Kumbe ile alama nyekundu ilikuwa bado ipo, imetiririka kidogo hadi kwenye pua.

Jumapili iliyofuata nilihisi jambo tangu mlangoni mwa kanisa. Watu walikuwa wananisalimia kwa mikono miwili, kama mtu aliyefiwa. Wanakwaya walinong'onezana, na mwimbishaji, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alinikazia macho wakati wote wa tenzi. Baada ya ibada mchungaji akaniita kwenye ofisi yake ndogo iliyo nyuma ya madhabahu. Ni kijana kwangu, lakini ana utulivu wa mtu aliyezika watu wengi.

"Bwana asifiwe, mzee."

"Amina, mchungaji."

Akaweka simu yake mezani na kunisogezea. "Huyu ni wewe?"

Nikavaa miwani polepole ili nipate muda. Baadaye niliambiwa njia iliyopita ile picha: mama wa dukani aliipiga kwa simu yake, akaituma kwa ndugu zake kwa furaha, ndugu mmoja akaituma kwa fundi wake wa vigae, fundi wa vigae anaimba besi katika kwaya yetu. Wakati ule sikujua lolote. Niliona tu picha.

Ilikuwa picha nzuri kupita kiasi. Safu mbili za taa ziliingia kutoka chini zikakutana mlangoni. Rangi za unga ziling'aa pembeni, moshi mwembamba umeshika mwanga, wanawake wamesimama kivulini na viganja vimekutana. Na katikati, peke yake, mwanamume mzima amejilaza chini, mikono mbele, kama mtu aliyetupa kila kitu alichonacho duniani. Hata kidole gumba kilichotoka kwenye soksi kilikuwa mahali pake. Kilileta huruma. Nikashika kifua. Kwa muda mfupi nilisahau kuona aibu, kwa sababu wivu ulikuwa umetangulia.

"Ni mimi," nilisema. "Lakini sikuwa nasali, mchungaji. Nilikuwa natafuta pembe."

"Pembe za nini?"

"Pembe ya picha. Yaani upande mzuri wa kupigia."

"Kamera iko wapi?"

Nikaikuza picha kwa vidole, nikaichunguza yote. "Iko humo. Kwenye maua."

Mchungaji aliitazama ile picha tena, akanitazama mimi. "Mzee, tangu uhamie hapa sijawahi kukuona umepiga magoti mpaka amina. Umeniambia goti linauma."

"Linauma kweli, mchungaji."

"Ndiyo maana ulilala." Akauma midomo. Niliona mabega yake yanaanza kutikisika, kisha akashindwa, akacheka hadi akalaza kichwa mezani. Aliponyanyuka alikuwa anapangusa macho. "Sasa sikiliza. Wanakwaya utawaeleza mwenyewe. Mimi nikiwaambia mzee wa kanisa alikwenda kutafuta pembe, wataniuliza kama ni za mganga."

Wanakwaya walikuwa wamebaki kwa mazoezi. Nikasimama mbele yao, nikaeleza mambo ya mwanga, ya kushuka chini, ya upepo. Walinisikiliza kwa adabu inayotisha. Nilipomaliza, mwimbishaji akasema, "Sawa, mzee. Basi tuione hiyo picha uliyolalia."

Nilikuwa nayo kwenye simu, nimeihamisha usiku ule ule bila kuitazama kwa makini. Nikaifungua mbele yao. Kulikuwa na petali moja ya njano, karibu sana, inaonekana hadi mishipa yake. Nyuma yake kulikuwa na ukungu. Taa zote, unga wote, mlango wote, ukungu mtupu wa rangi ya uji wa ulezi. Kamera ilikuwa imelenga ua lililokuwa mbele ya pua yake, ikatosheka.

Simu ilipita mkono kwa mkono hadi safu ya nyuma, ikarudi. Mwimbishaji akanikabidhi kwa huruma.

"Mzee," alisema, "ni heri ungesema ulikuwa unasali."

Wiki hiyo nikapeleka dukani picha ya mikono, nimeisafisha kwa ukubwa na kuitia kwenye fremu. Nilihitaji mtu mmoja duniani wa kuniambia kwamba najua ninachofanya. Mzee aliitoa kwenye karatasi, akaishika mbali, akaishika karibu. Mama akashuka kwenye kiti chake akaja kutazama.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

"Hapo, mama. Huu ni mkono wako."

"Huu ni wa kwangu," mzee alisema. "Tazama kovu."

"Kovu gani? Huo ni mkunjo."

Wakabishana hapo hapo juu ya kaunta, wakilinganisha mikono yao na ile ya kwenye fremu, kila mmoja akiukana ule wenye madoa. Mimi nikaanza kueleza kwamba katika sanaa si lazima mtu aonekane mzima; kwamba mikono inaweza kusimulia ndoa nzima. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," alisema, "ni nzuri. Lakini sari ile niliinyoosha asubuhi yote."

Akarudi kwenye kiti chake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia unyonge. Mzee akainama nyuma ya kaunta kama anayetafuta kitu, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Tulifunga ndoa pale hekaluni, unajua. Tukapigwa picha kwenye zile ngazi. Ilikuwa moja tu, kubwa, ilining'inia sebuleni. Tulisafiri kwenda kumuona binti yetu, tukarudi, tukakuta mchwa wameila kuanzia nyuma. Fremu nzima, kioo kizima, ndani udongo. Mama alisema basi tusimame tena pale pale, tupigwe nyingine, tuwapelekee watoto. Hakuna hata mmoja wao aliye hapa."

Nilikuwa nimemfahamu mzee huyu tangu msingi wa nyumba yangu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alitaka picha kwenye ngazi. Nilikuwa nimewaambia wanafanana na watu wa kitambulisho.

"Kesho asubuhi mna nafasi?" nilimuuliza.

Walifika hekaluni kwa teksi, duka wamelifunga, jambo ambalo sijawahi kuliona siku ya kazi. Mama alivaa sari ileile, ya rangi ya zambarau na pindo la dhahabu, na mzee alivaa koti la suti lililombana tumboni. Ua lilikuwa limefagiliwa, tupu, bila taa hata moja. Jua la asubuhi lilipiga ngazi moja kwa moja, jua jeupe, bapa, ambalo video zote zimenionya nisilitumie.

Nikasimama wima. Nikarudi nyuma hadi nikawaona wote, kuanzia kichwa hadi viatu. Wakaanza kubishana ni nani alisimama upande gani.

"Nilikuwa kushoto kwako," mama alisema.

"Kushoto kwangu, au kushoto kwa mpiga picha?"

"Kushoto kwako! Mpiga picha sikumjua."

Wakabadilishana, wakarudi, wakabadilishana tena. Mlinzi wa hekalu aliacha ufagio akaja kutoa maoni. Mwishowe mama akamshika mzee mkono, akamweka mahali, akamwambia, "Baki hapo." Mzee akabaki. Alivuta tumbo ndani, akatazama mbele, na uso wake wote ukatulia. Niliona ghafla jinsi alivyokuwa siku ile nyingine, kijana mwenye hofu, koti likiwa bado linamtosha. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kisha nikajifanya narekebisha lenzi.

Tulikaa kwenye ngazi hizo hizo kuzitazama, tumefunika kioo cha kamera kwa shela ya mama ili jua lisituzuie. Nilikuwa nimepiga nyingi kuliko nilivyodhani. Katika nyingine mama amegeuka, katika nyingine mlinzi ameingia nusu. Zilikuwepo kadhaa safi kabisa, wote wawili wanatazama, nyuso wazi. Nikawaonesha hizo. Mama akanishika kidole, akakirudisha nyuma, nyuma zaidi, hadi kwenye picha moja niliyokuwa nimepanga kuifuta. Yeye amesimama sawasawa, kidevu juu. Mzee amefumba macho, kama aliyesinzia akiwa amesimama.

"Hii," alisema.

"Mama, hapa mzee amefumba macho."

"Naona."

"Zipo nyingine nzuri zaidi. Tazama hii, ameangalia vizuri."

"Hata ile ya arusi alifumba," alisema mama. "Miaka yote nilimwona ukutani amelala. Nitajuaje kwamba ni yeye?"

Mzee aliangalia pembeni, barabarani, akajikohoza. "Lilikuwa jua," alisema. "Siku ile pia lilikuwa jua."

Nilipeleka picha hiyo studio iliyo karibu na stendi, nikaomba waisafishe kubwa, ya kutundika sebuleni, na nakala ndogo za kutuma nje. Mama mwenye studio aliifungua kwenye kompyuta, akaivuta karibu, akasonya.

"Bosi, umeharibu. Babu amefumba. Lakini usijali, mimi naweza kumfumbua sasa hivi, nachukua macho kwenye picha nyingine nayabandika hapa. Haitajulikana."

"Mwache hivyo hivyo," nilimwambia.

"Una hakika? Mwenyewe asije akalalamika."

"Hatalalamika."

Akainua mabega, akabonyeza kitufe. Mashine ikaanza kunguruma, na karatasi ikatoka polepole, miguu kwanza, kisha pindo la dhahabu, kisha mikono, kisha nyuso zao.